Mwaka Mama Mkwe Alipolala Nyumbani Kwangu

Mke wangu Ajiambo alikufa mwaka jana, mvua za masika zikiwa zinaisha, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Malaba. Ilikuwa kansa ya tumbo. Katika ugonjwa wake alikuwa akija binti mmoja muuguzi, amepanda pikipiki, na ndani ya mkoba wake kuna chupa ya dawa ya maji, chungu, ambayo mgonjwa hupimiwa kidogo tu akanywa pale pale kitandani pake. Mara ya kwanza Ajiambo alipoinywa nilikuwa nimeketi miguuni pake. Nikaona vidole vyake, vilivyokuwa vimeng'ang'ania ukingo wa blanketi tangu asubuhi, vinalegea kimoja kimoja. Baada ya muda akanigeukia akaniuliza kama tumekula. Nikatoka, nikaenda jikoni, nikasimama nyuma ya mlango nikalia. Watoto wakanifuata wakidhani namlilia mama yao. Sikuwaambia kitu. Nilikuwa namlilia nyanya yao, ambaye hawakumwona, aliyefia mwendo mfupi tu kutoka jikoni hapo, kando ya reli, bila hata tone la dawa kama ile.

Ulikuwa mwaka wa kahawa. Watu wa mpakani wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, lakini vijana hawajui: bei ya kahawa ilipanda duniani kote, na kahawa ya Uganda ikawa inavushwa kimagendo kuja kwetu, kichwani, kwa baiskeli, kwa malori, hata mitaro ya Malaba ikanuka kahawa mbichi. Reli ilikuwa bado moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Mimi nilikuwa mtu wa pointi pale stesheni. Kazi yangu ilikuwa kuvuta ule mkono wa chuma unaohamisha reli, ili behewa lishike njia inayotakiwa. Nilikuwa kijana, nimeoa juzi juzi, na nilikuwa nimepewa kota: chumba kimoja cha mawe, kuta zake zimepakwa rangi ya kijivu hadi kiunoni, na jiko la mabati nje. Dirisha lilitazama reli. Ajiambo alikuwa ametundika leso mbili katikati ya chumba ili kitanda kisionekane na mgeni, na kila jioni alinipikia ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, kwa kunde zilizotiwa karanga, tukala tukitazamana kama watu walioiba kitu wasijulikane. Ninapokumbuka furaha, hukumbuka sufuria ile na leso zile. Haikudumu.

Ajiambo alipata habari kwamba mama yake anaumwa, akaenda kwao Namboboto, na aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. Mama alikuwa na kidonda titini. Alikuwa amekificha chini ya leso muda mrefu, mpaka harufu ikamsaliti. Kaka mkubwa wa Ajiambo, Wandera, ambaye ndiye aliyeshika boma baada ya baba yao kufariki, alikuwa amempeleka hospitali kubwa, na daktari huko akamwambia kwa upole kwamba wamechelewa, kansa imekwisha kuingia kwenye mifupa. "Mpelekeni nyumbani," akasema. Nimelitafakari neno hilo miaka yote hii. Kwa daktari, nyumbani palikuwa mahali pa kupumzika. Kwa mama mkwe wangu, nyumbani palikuwa nyumba ya udongo, mkeka, majani ya kuchemsha, na duka moja lililouza vidonge vya kichwa. Mtu akipewa ruhusa ya kwenda kufa, hakuna anayemuuliza atakufa vipi.

Nyuma ya stesheni yetu kulikuwa na zahanati ndogo ya misheni. Muuguzi wake, Sista Modesta, alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Ajiambo alimwendea akamweleza. Sista akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli.

"Hapa ndani iko sindano ya mofini," akamwambia. "Inaweza kumpunguzia mama maumivu. Lakini hii dawa haitoki hapa. Hata kama ingekuwa mama yangu mimi, siwezi kukupa ubebe upeleke kijijini. Mlete karibu. Asubuhi na jioni nitamdunga mwenyewe."

Jioni ile Ajiambo alinieleza hayo huku akinipakulia chakula. Nikasema, bila kufikiri sana, "Basi aje akae hapa." Mwiko ukasimama mkononi mwake.

"Hapa wapi?"

"Hapa. Kwetu."

"Unajua unasema nini wewe?"

Nilijua. Kwetu Wateso na kwao Wasamia jambo hili ni moja. Mama mkwe hali chakula mbele ya mkwewe. Hawashikani mikono. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani mwenzake apite. Ama kulala ndani ya nyumba ya mume wa binti yake, karibu na kitanda chao, hilo lilikuwa jambo la kuleta laana kwa watoto ambao hata hawajazaliwa. Na Ajiambo alikuwa na mimba ya kwanza. Akaketi chini, akaufunika ugali, na hatukula.

Hata hivyo tulikwenda Namboboto pamoja, kumwomba Wandera ruhusa. Mimi niliketi nje, chini ya ukingo wa paa la nyumba ya Wandera, kama inavyompasa mkwe, na nikasikia kila kitu kilichosemwa ndani. Wazee wawili wa ukoo walikuwapo. Wandera alisema kwa hasira, "Mama yetu akalale kwa mkwe kama mtu hana watoto wanaume? Kesho watu watasema sisi hatuna nyumba." Mzee mmoja akasema afadhali mtu afe na heshima yake. Mwingine akaitikia. Ajiambo alikuwa analia. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeizoea, kavu, inayotoka upande wa ukuta nilioegemea.

"Wandera, nani anaumwa hapa?"

Mkeka ukakwaruza, alikuwa anajiinua.

"Nauliza, nani anaumwa? Ni nyinyi au ni mimi? Aibu naijua. Nimeishi nayo toka niolewe. Lakini aibu haijawahi kuniuma hivi. Nipelekeni kwa hiyo sindano."

Wandera akatoka nje, akanipita bila kunitazama, akaenda zake shambani.

Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Busia, Mzee Swaleh, ambaye lori lake lilikuwa linapeleka samaki wakavu kutoka Budalang'i, alikubali kutubeba. Alifagia nyuma mwenyewe, akatandika magunia matupu, akaweka godoro juu yake. Mimi nilipanda mbele na Mzee Swaleh, nikitazama barabara tu. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nilisikia mlio mfupi huko nyuma, na kila mara Mzee Swaleh alisema, "Samahani, mama," ingawa mama hakuweza kumsikia, na akazidi kwenda polepole mpaka watu wa baiskeli wakawa wanatupita.

Nilihama chumba changu. Nikawa nalala jikoni kwa jirani yangu, Mzee Barasa, dereva wa ile injini iliyokuwa ikipanga mabehewa pale stesheni. Mama mkwe akapata chumba na dirisha. Kila asubuhi Ajiambo alimshika mkono, wakavuka njia za reli taratibu hadi zahanati, na jioni tena. Zile saa baada ya sindano zilikuwa saa zake. Aliketi kitandani, akaomba chai, akaomba samaki wa kuchomwa, akamfundisha Ajiambo kushona nguo za mtoto. Mimi nilikuwa nakula nje, mgongo wangu umeegemea ukuta chini ya dirisha, naye ndani yuko upande wa pili wa mawe yale yale. Hatukuonana. Lakini hakuna mila iliyokataza sauti.

"Mkwe, umeamkaje?"

"Salama, mama. Wewe je?"

"Mimi niko. Hilo gari la moshi lililopita linaenda wapi?"

"Linaenda Kampala, mama. Limebeba saruji."

"Na lile la jana, lenye ng'ombe?"

"Lile lilishuka Nakuru."

"Ng'ombe wanapanda gari la moshi," akasema, na nikamsikia akicheka. "Mimi toka nizaliwe sijapanda."

Nilimweleza kila treni. Nilimweleza jinsi reli inavyopinda kabla ya daraja, na jinsi nguzo ya taa inavyosema twende au simama. Alinieleza naye mambo ambayo hata binti yake hakuyajua: kwamba aliolewa akiwa bado anacheza, kwamba alizika watoto wengi kuliko aliowalea, kwamba alipenda kuogelea mtoni akiwa msichana na walimchapa kwa hilo. Sikuwahi kuongea na mtu mzima kwa namna ile. Mpaka leo nikitaka kusikiliza mtu vizuri huwa sitamani kumtazama.

Dawa ile haikudumu kutwa. Kufikia mchana ilikuwa imekwisha nguvu mwilini, na maongezi yalikatika ghafla, mara nyingine katikati ya neno. Nilijifunza kunyamaza nikaondoka. Miguu yake nayo ikaanza kukataa. Siku moja jua likiwa kali, nilikuwa kwenye pointi niliposikia Ajiambo akiniita kwa sauti ambayo sikuijua. Mama alikuwa ameanguka kati ya njia mbili za reli, amelala juu ya kokoto, na Ajiambo, tumbo lake tayari kubwa, hakuweza kumwinua. Wanawake waliokuwa bombani wakiteka maji walikuwa wamesimama, wanatazama. Hakuna aliyesogea. Nadhani waliogopa kile kidonda, au waliniogopa mimi, nilivyokuja nikikimbia.

Nikamwambia Ajiambo alete shuka. Tukamfunika mwili mzima, uso na mikono, ngozi yake isiguse yangu. Kisha nikapiga goti nikamwinua. Sikutarajia wepesi ule. Chini ya shuka nikamsikia akivuta pumzi kwa ghafla.

"Ni nani huyu?"

"Ni mimi, mama."

Nikapiga hatua chache. Nilihisi mwili wake wote umekakamaa, si kwa maumivu tu. Nilidhani atasema nimshushe.

"Basi nibebe vizuri, mwanangu," akasema.

Tangu siku hiyo nilimbeba asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, daima ndani ya shuka, na yeye kamwe hakuniita mkwe tena. Maneno yalifika Namboboto upesi kuliko tulivyodhani. Wandera akatuma mtu kuja kusema mama arudishwe mara moja, kwamba jina la boma limeharibika. Mama akamjibu mjumbe kupitia dirishani: "Mwambie Wandera aje anibebe yeye." Wandera hakuja.

Yule mtoto aliyekuwa tumboni mwaka ule sasa ni mwalimu huko Angurai, ana wajukuu. Laana haikumpata. Nimeandika hili kwa sababu bado kuna watu wanaoniuliza.

Kisha dawa ikaisha. Sista Modesta alituambia mlangoni, asitukaribishe ndani. Daktari aliyekuwa akitia saini ya dawa hizo alikuwa amerudi kwao, mwingine hajaletwa, na mzigo uliotarajiwa haukuja. Alifungua kabati tupu akatuonyesha tukiwa pale pale mlangoni, labda ili tuamini. Akatupa vidonge alivyokuwa navyo. "Vitamsaidia kidogo," akasema, kisha akasema, "Havitamsaidia," akaingia ndani akafunga mlango. Nilidhani ana roho ngumu. Leo naelewa kwamba hakutaka tumwone.

Nilikwenda Busia nikaambiwa hakuna. Nilivuka daraja nikaenda ng'ambo ya Uganda, kwenye hospitali moja ambayo wazee wa reli walikuwa wakiisifu, na muuguzi wa pale akafungua mikono yake mitupu. "Ssebo," akaniambia, yaani bwana, "hapa hata ya kichwa hatuna." Wakati wa kurudi nilipitia hoteli ya chai iliyokuwa karibu na stesheni, ambapo walikuwa wakikaa watu wa magendo mchana wakingoja giza. Nilimjua mmoja, Opio, kijana mcheshi aliyekuwa na saa mkono huu na saa mkono huu.

"Boss, sema tu," akaniambia. "Unataka redio? Sukari? Vitenge vya Zaire?"

"Nataka dawa ya maumivu. Ya sindano."

Tabasamu lake likapungua. "Nani anaumwa?"

"Mama yangu," nikasema. Ndivyo lilivyonitoka.

Akafikiri kwa kweli, naona hata sasa alivyokunja uso. "Hiyo sijawahi kuona mtu anabeba," akasema. "Naweza kukuletea lori. Lakini hiyo, hapana." Akanisukumia kikombe chake cha chai, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kunipa. Nje, magunia ya kahawa yalikuwa yamerundikwa hadi kufikia paa. Mpaka mzima ulikuwa unavusha vitu.

Siku zilizofuata siwezi kuzieleza zote. Mama alikataa kulia mbele ya watu. Kota zilikuwa zimebanana, majirani wako pande zote, watoto wao wanacheza mlangoni, na yeye alikuwa mtu wa heshima aliyelala mahali ambapo tayari palimvunjia heshima. Alijaza leso mdomoni akauma. Mchana mmoja Ajiambo alitoka nje akaketi karibu nami juu ya kokoto. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Anangoja gari," akaniambia.

"Gari gani?"

"Lolote. Anangoja lipite ndiyo alie. Anauliza kila saa, gari liko wapi. Likija anatoa leso analia, likiisha kupita anairudisha. Leo magari ni machache."

Nikainuka nikamwendea Mzee Barasa, aliyekuwa juu ya injini yake anakula kiazi. Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Barasa alikuwa mtu wa kelele na mzaha, lakini mara hii alifunga tu kiazi katika karatasi, akaweka mfukoni, akaniashiria nikavute pointi. Akaileta injini ile mpaka njia ya mwisho, iliyokuwa karibu kabisa na dirisha letu, akaisimamisha hapo, akafungulia moshi na mvuke, na kila baada ya muda akapiga honi ndefu. Nilisimama pale karibu na mkono wa pointi. Sikumsikia mama. Hakuna aliyemsikia, ila Ajiambo aliyekuwa ndani, ambaye hata siku moja hakuniambia alichosikia.

Stesheni masta alitoka ofisini. Akaitazama injini iliyosimama mahali pasipo kazi, akaitazama kota yangu, akavua kofia yake akaipangusa, akarudi ndani. Siku zote zilizobaki, kila mabehewa yalipokuwa yamepangwa, Barasa aliirudisha injini pale. Katika dunia yote ya wakati ule, pamoja na hospitali zake, tulichokuwa nacho cha kumpa mgonjwa ni kelele.

Alikufa asubuhi, nikiwa kazini. Nilimwona Ajiambo anakuja akitembea juu ya mataruma yanayoshikilia reli, polepole, mkono mmoja chini ya tumbo. Alifika akasimama. Honi ikalia, akangoja iishe.

"Mwambie Mzee Barasa anaweza kwenda sasa," akasema.

Tulimrudisha Namboboto kwa lori la Mzee Swaleh. Huko mila ilikuwa inanisubiri mahali nilipoiacha. Mkwe hakaribii maiti ya mama mkwe, haoni uso wake, hatupi udongo. Nikasimama nje ya ua na wakwe wengine, waume wa dada zake Ajiambo, wanaume waliovaa makoti mazuri wakiongea habari za bei ya kahawa. Nilisikia nyimbo, nikasikia mhubiri, nikasikia majembe. Nilijua uzito wake kuliko mtu yeyote aliyekuwa ndani ya ua ule, na uso wake sikuwahi kuuona.

Watu walipoanza kutawanyika, Wandera alitoka. Alikuwa amekonda. Alishika sahani ya ugali na samaki, akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa. "Shemeji, njoo ndani," akasema. "Mimi ndiye mwenye boma. Nimesema uingie umuage, utupe udongo, kabla hawajamaliza kujaza kaburi."

Nilitamani. Nilitamani sana. Lakini nilikumbuka alivyokakamaa chini ya shuka siku ile ya kwanza, na kwamba kila asubuhi alihakikisha mwenyewe uso wake umefunikwa kabla sijaitwa.

"Hapana, shemeji," nikasema. "Yeye mwenyewe hangetaka."

Wandera akanitazama. Kisha, badala ya kurudi kwa watu wake, aliketi chini pale pale nje ya ua, juu ya majani, akaweka sahani kati yetu. "Basi niambie," akasema. "Kila kitu. Usinifiche."

Tukala katika sahani moja nikamwambia. Nilimwambia habari za treni ambazo mama alipenda kuulizia, na samaki wa kuchomwa, na alivyocheka juu ya ng'ombe wanaopanda gari, na Wandera akatabasamu kwa hilo. Nilimwambia habari za kabati tupu, na Busia, na ng'ambo. Nilipofika kwenye leso mdomoni na injini ya Barasa nilitaka kupunguza, lakini alikuwa amesema nisimfiche, kwa hiyo nikasema yote. Aliacha kula. Alibaki na tonge mkononi muda mrefu. Halafu akaliweka sahanini, akainuka, akashika mti wa ua kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti yake yote, mchana kweupe, mbele ya wake zake na wanawe na wazee wa ukoo, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.